Nyumba 1,504 kando ya bahari



Kijana mmoja wa kwaya yetu aliniuliza swali siku ya Mungu iliyopita, kisha ibada. Alisema: "Baba, kartie yetu iko na jina mubaya. Tukienda kuomba kazi, tukisema fasi tunaishi, watu wanatuangalia vingine. Ile jina mubaya inatoka wapi? Inatoka kwa watu ao inatoka kwa nyumba?"

Sikuwa na jibu la upesi. Lakini nilikumbuka habari ya nyumba fulani za ng'ambo, nikamwahidi kuiandika hapa. Basi, mwezi huu tutoke kidogo kwetu, twende mpaka Marekani, katika mji wa Boston, kando ya bahari ya Atlantiki.

Huko kulikuwa na kambi moja iliyoitwa Columbia Point. Nasema "kambi" sababu ni neno ambalo wewe unayeishi katika nyumba za kazi utalisikia mara moja: nyumba nyingi za namna moja, zimejengwa pamoja, na mwenye nyumba si yule anayelala ndani. Lakini haikuwa ya sosiete. Ilikuwa ya Leta. Biro ya nyumba ya mji wa Boston ndiyo iliyojenga na ndiyo iliyopangisha, na wapangaji walikuwa watu wa feza kidogo. Ilifunguliwa mwaka wa 1954 na nyumba 1,504. Katika majimbo yale ya kaskazini-mashariki wanayoyaita New England, hakukuwa na kambi nyingine ya Leta iliyoipita kwa ukubwa. Haikufika miaka arobaini. Mwaka wa 1990 ilikuwa imekwisha kubomolewa, isipokuwa majumba machache yaliyofanywa upya, na hata jina lake lilikuwa limebadilishwa.

Udongo kwanza

Nyumba haianzi na matofali, inaanza na udongo. Columbia Point ni ncha ya udongo inayoingia ndani ya bahari upande wa kusini wa Boston, katika mtaa wa Dorchester. Zamani wakulima walipeleka ng'ombe huko kula majani, na pakaitwa Calf Pasture, ndiyo kusema malisho ya ndama. Kisha mji ukaanza kutafuta fasi ya kutupia vitu ambavyo hakuna mtu anayetaka kuviona mbele ya mlango wake.

Kwanza ulileta mavi. Nisamehe neno, lakini ndiyo kweli yenyewe. Katika miaka ya 1880 Boston ilijenga pale jumba kubwa la mawe, na ndani yake mashini za mvuke za kusukuma maji machafu ya mji: ya vyoo, ya jikoni, ya viwanda. Maji yale yalikusanyika pale, yakapita ndani ya mfereji chini ya bahari mpaka Moon Island, na huko yakafunguliwa kwenda zake wakati maji ya bahari yanapotoka. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka wa 1968. Kisha mji ukaleta takataka, miaka na miaka, hata ncha yenyewe ikapanuka kwa takataka zilizomwagwa juu ya matope ya bahari. Kisha, wakati wa vita ya pili ya dunia, wakaletwa askari wa Italia waliotekwa. Walifungwa pale katika kambi iliyoitwa Camp McKay.

Mavi, takataka, wafungwa. Nyuma yao, masikini. Mimi siwezi kusoma mfululizo huo bila kufikiri kwamba jina baya lilikuwa limekwisha kufika pale mbele jamaa ya kwanza haijashusha godoro yake.

Walifika kwa furaha

Lakini usifikiri kwamba watu walilia walipopewa ufunguo. Walifurahi sana. Kisha vita, nyumba zilikosekana katika miji yote ya Marekani. Askari walirudi, wakaoa, wakazaa, na jamaa mbili ao tatu zililala katika nyumba moja. Mwaka wa 1949, wakati wa rais Truman, sheria ilipitishwa ya kujenga nyumba za Leta 810,000 katika nchi nzima. Columbia Point ilijengwa katika miaka hiyo ya matumaini.

Majumba yalikuwa ya matofali ya rangi ya manjano, paa zake bapa, mengine ya etaji tatu, mengine ya etaji saba yenye asanseri. Ndani mlikuwa na maji ya moto, chumba cha kuoga, jiko zuri, na mabomba ya joto kwa wakati wa baridi. (Baridi ya Boston si kama ile yetu ya mwezi wa sita, ambayo koti moja inatosha. Ile inaua.) Ukifungua dirisha, bahari. Biro ilichagua wapangaji: ilitaka jamaa yenye mshahara na mwenendo mzuri. Wazungu walikuwa wengi, na weusi walikuwa pamoja nao, mlango kwa mlango, katika mji ambao kila taifa lilikuwa na mtaa wake na halikupenda wageni. Wazee waliokulia pale wanaisimulia miaka ile ya kwanza kwa furaha, na hatuna sababu ya kuwakatalia. Kijana wangu wa kwaya, shika hilo: watu wa kwanza walikuwa watu wa kuchaguliwa.

Nini kilikosekana? Duka. Masomo. Dispanseri. Jamaa zaidi ya elfu moja ziliwekwa kwenye ncha ya udongo, na mama akitaka mkate na maziwa alilazimika kupanda bisi. Watoto wa kwanza walikwenda kusomea mbali, sababu nyumba zilitangulia, masomo ikafuata nyuma. Mwaka wa 1959 ikafunguliwa barabara kuu ya motokari zinazokwenda mbio, ikapita katikati ya ncha ile na mtaa wa Dorchester, sawasawa na mtu anayekata mkia wa samaki. Yule anayechora plan ya kambi ndani ya biro, yeye hatanunua chumvi huko.

Wamama na makamio

Sasa sikia jambo hili, ambalo mimi huwa nalirudia mara nyingi.

Shimo la takataka halikufungwa siku nyumba zilipofunguliwa. Nataka uelewe vizuri. Mji ulijenga nyumba 1,504, ukaweka watoto maelfu ndani yake, na hapo hapo pembeni uliendelea kumwaga takataka zake na kuzichoma. Harufu, moshi, panya. Makamio ya takataka yalipita kutwa nzima katika njia ile ile ya watoto. Wapangaji waliomba, wakalalamika, wakajibiwa kama wanavyojibiwa wapangaji wa Leta popote: tutaangalia. Mwaka wa 1962 kamio moja ikamgonga mtoto mdogo wa kike, ikamwua.

Wamama hawakuandika barua nyingine. Walitoka nje na watoto wao, wengine wakisukuma vigari vya watoto wachanga, wakasimama katikati ya barabara. Makamio yakafika, yakasimama. Hakuna shofere atakayepita juu ya kigari cha mtoto mbele ya macho ya watu wote. Walirudi tena kusimama, na tena. Meya wa mji wakati ule aliitwa John Collins, na alilazimika kukubali: shimo likafungwa.

Sisi wababa tunapenda kikao. Tunachagua mwenyekiti, tunachagua katibu, tunaandika mambo ya kujadili, saa inakwisha. Pale Columbia Point, jambo kubwa la kwanza ambalo wapangaji walilishinda, walilishinda wamama wasiokuwa hata na meza.

Mganga aliyejifunza Afrika

Ushindi wa pili una mzizi wake kwetu Afrika, na wengi hawajui.

Mtu akiugua Columbia Point, lupitalo la mji lilikuwa mbali. Mama mwenye mtoto wa homa alipanda bisi, akashuka, akapanda treni ao bisi nyingine, akafika, akapanga mstari, akangoja. Mgonjwa mmoja alikula siku nzima. Basi wengi walingoja mpaka ugonjwa ukomae, ndipo wakaenda.

Kulikuwa na munganga kijana jina lake Jack Geiger. Mwaka wa 1957, alipokuwa bado mwanafunzi, alikwenda Afrika ya Kusini, mpaka Pholela, katika nchi ya Wazulu, Natal. Huko waganga wawili, Sidney Kark na mke wake Emily, walikuwa wameanzisha tangu 1940 kituo cha afya cha namna nyingine. Hawakukaa ndani ya chumba kungoja mgonjwa aletwe. Waliwatuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza: mnakula nini, mnachota maji wapi, choo kiko wapi, mtoto wa mwisho alikufa na ugonjwa gani? Walihimiza bustani za mboga na vyoo. Na wale waliokuwa wakiingia nyumba kwa nyumba walikuwa watu wa vijiji vile vile, waliofundishwa kazi. Geiger alikaa miezi kadhaa, akaangalia, akarudi kwao na mawazo hayo.

Miaka michache nyuma aliona katika Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, umasikini uliomkumbusha Afrika ya Kusini. Pamoja na mwenzake munganga Count Gibson, wote wawili wa Universite Tufts ya Boston, akaomba feza ya serikali, wakati rais Johnson alipotangaza vita juu ya umasikini. Mwezi wa 12 mwaka wa 1965 wakafungua kituo cha afya Columbia Point, ndani ya nyumba za kambi zenyewe. Watu wa kambi walipewa kazi pale na sauti katika mambo ya kituo. Munganga alikuwa chini ya ngazi, si tena upande wa pili wa mji. Kilikuwa kituo cha kwanza cha namna hiyo katika Marekani.

Kituo cha pili walikifungua kule kule Mississippi, katika mji mdogo wa Mound Bayou. Huko waganga walikuta watoto waliougua njaa, wakawaandikia chakula juu ya karatasi ya dawa: maziwa, nyama, mboga, na duka likapeleka deni kwa kituo. Wakubwa wa serikali walipokuja kuuliza, Geiger akawajibu kwamba katika vitabu vyake dawa ya njaa ni chakula. Geiger alikufa mwaka wa 2020, na miaka 95. Leo vituo vya mfano wa kile cha Columbia Point ni zaidi ya 1,300 katika Marekani, na watu zaidi ya milioni 30 wanatibiwa humo. Mbegu ilitoka Pholela, ikaoteshwa ndani ya kambi yenye jina baya.

Namna nyumba zinavyokufa

Hapa nitakwenda upesi, sababu ni habari ambayo wengi mnaijua kwa macho yenu.

Feza ya nyumba ilifuata mshahara wa mpangaji. Wenye mshahara mzuri walianza kuhama, wazungu kwanza, sababu benki ziliwakopesha kwa urahisi wajenge nje ya mji, na weusi zilikuwa zikiwakatalia. Biro ikaacha kuchagua kama zamani. Waliobaki na walioingia walikuwa masikini zaidi, wengi wao wamama peke yao na watoto. Masikini wakiongezeka, feza ya biro inapungua. Feza ikipungua, asanseri inakufa, bomba linavuja, paa linaacha mvua ipite. Nyumba ikivuja, mwenye uwezo kidogo anahama naye. Nyumba yake inabaki tupu. Mlango unavunjwa, waya zinaibiwa, vijana wabaya wanaingia, biro inapigilia mabao dirishani. Jirani wa nyumba tupu, naye ataendelea kukaa?

Jumba la maduka lilijengwa karibu katika miaka ya 1960, watu wakashukuru. Katika miaka ya 1970 likafa. Taksi ziliogopa kuingia, hata ambulansi zilitaka polisi watangulie. Mwaka wa 1974, tribinali ilipoamuru watoto weusi na weupe wa Boston wasome pamoja, uwanja wa maduka yale ndio uliotumiwa kukusanyia mabisi ya kuwapeleka watoto weusi South Boston, ambako yalipokelewa kwa mawe. Mwisho wa miaka ya 1970, katika nyumba 1,504, zilizokuwa na watu zilibaki karibu 350 tu. Zaidi ya elfu moja, mabao dirishani.

Na wakati huo huo, tazama nini kinajengwa kando. Mwaka wa 1974 Universite ya Massachusetts ilifungua majumba yake mapya juu ya shimo la zamani la takataka. Mwaka wa 1979 ikafunguliwa kwenye ncha yenyewe, mbele ya maji, nyumba ya kumbukumbu ya rais John F. Kennedy, kazi ya mchora-nyumba I. M. Pei, ya kioo na saruji nyeupe, nzuri kweli kweli. Udongo ambao hakuna aliyeutaka ulikuwa umegeuka udongo wa kutamaniwa. Feza ya kuupamba ilipatikana. Kutembea kwa miguu kutoka nyumba ya rais mpaka nyumba zenye mabao dirishani si safari ndefu. Mwaka wa 1980 hali ya biro ya nyumba ilikuwa mbaya hata jaji akaiondoa mikononi mwa wakubwa wake, akaweka mtu mwingine kuisimamia.

Kubaki

Jamaa zile 350, ukiuliza mimi, ndizo kiini cha habari hii yote.

Ziliweza kufukuzwa kwa urahisi. Nyumba mbovu, biro katika mikono ya jaji, bahari dirishani, wanunuzi wakipima udongo kwa macho. Na watu wa Boston walikuwa na kumbukumbu mbaya. Mwisho wa miaka ya 1950 mji ulibomoa mtaa mzima wa West End, karibu na mto Charles, mtaa wa Waitalia, Wayahudi na wengine wa mshahara mdogo, na pahali pake yakasimama majumba ya wenye feza. Watu wa West End hawakurudi. Kwa hiyo mwakilishi wa biro aliposema "mtahama kwa muda tu," mpangaji wa Columbia Point alisikia neno lingine.

Wapangaji walikuwa na kamati yao, yenye wamama wengi, na wengine wao walikuwa wamezoea vita tangu siku za makamio. Kamati hiyo iliweka masharti. Wajenzi wanaotaka udongo huu wataketi kwanza nasi. Kila jamaa inayoishi hapa na kufuata sheria za nyumba itapata nyumba mpya hapa hapa. Masikini na wenye mshahara watakaa ndani ya jumba moja, ngazi moja, jiko la namna moja, hakuna jumba la masikini lililowekwa nyuma. Na katika kuendesha kambi mpya, sisi tuna nusu ya sauti.

Nusu! Mtu akiniambia wapangaji masikini wa Leta waliomba nusu, ningecheka. Walipewa. Walichagua wenyewe sosiete ya kujenga, ambayo mmoja wa wakubwa wake alikulia katika mtaa uleule wa Dorchester, wakatia saini. Ilichukua miaka ya vikao. Wakati huu vikao vilisaidia, nakubali.

Kazi ilianza mwaka wa 1986 na kumalizika 1990. Majumba mengi ya manjano yalivunjwa, machache yaliachwa yakafanywa upya, yakawekewa paa za mteremko hata usiyatambue. Njia zote zilichorwa upya. Zamani majumba yalipangwa kama maboksi ndani ya depo, ukitembea katikati yake hujui bahari iko upande gani. Sasa njia zinateremka mpaka majini, na katikati kuna uwanja mrefu wa miti na majani. Kando ya maji kuna njia ya kutembea ambayo mtu yeyote wa mji anaweza kuipita siku ya Mungu na watoto wake. Kwa miaka zaidi ya thelathini watu wale walikuwa wameishi kando ya bahari, na bahari haikuwa yao.

Hesabu ambayo haitoki vizuri

Sasa tuhesabu pamoja, kalamu mkononi. Kambi mpya ina nyumba 1,283. Kati yake, 883 ni za watu wanaolipa bei ya soko. Zile za masikini ni 400. Kambi ya zamani ilikuwa na 1,504, zote za watu wa feza kidogo. Toa 400, unabaki na 1,104.

Watu wa serikali walipenda mfano ule. Mwaka wa 1992 ulianzishwa mpango wa nchi nzima, HOPE VI, wa kubomoa nyumba mbovu za Leta na kuchanganya masikini na wenye feza. Waliochora mpango walikuwa wameiangalia Boston. Lakini katika miji mingi walikopa tingatinga, wakasahau kamati ya wapangaji, na wengi waliohamishwa hawakurudi tena.

Mimi nagawanyika moyoni. Upande mmoja naona jamaa 350 zilizokataa kuondoka, na watoto wao wakaamka katika nyumba nzuri, palepale walipozaliwa. Kila nikisoma habari zao nashangilia. Upande mwingine naona zile elfu moja na zaidi zilizotangulia kuondoka katika miaka ya 1970, moja moja, usiku ao mchana, juu ya paa linalovuja ao juu ya woga. Hakuna aliyewaandikia kusema: rudini, sasa kumetengenezwa. Mkataba uliwalinda waliokuwepo siku ya kuhesabu. Aliyeondoka mwezi mmoja mbele, jina lake halikuandikwa. Je, walifanya vibaya wale wa kamati? Sidhani. Mtu anapigania jamaa anayoiona. Lakini nyumba 1,104 za masikini zilipotea, na masikini wa Boston hawakupungua.

Na jina? Walilibadilisha nalo. Kambi mpya inaitwa Harbor Point. Hata gare ya treni ya karibu, iliyoitwa Columbia, mwaka wa 1982 ilipewa jina la rais Kennedy na la universite. Wenye kuuza nyumba walijua kazi yao: hakuna mgeni mwenye mshahara angelipa feza nyingi kwenda kulala "Columbia Point". Wazee wa kamati walikubali, wengine kwa uchungu, sababu jina lile lile ambalo mji mzima ulilitema, kwao lilikuwa jina la nyumbani. Kituo cha afya hakikufungwa. Kingali pale kando ya njia, kinaitwa Geiger-Gibson, na watu wanapanga mstari asubuhi. Na lile jumba la mawe la kusukuma maji machafu, la miaka ya 1880, nalo lingali limesimama, tupu, ukuta wake imara kuliko ukuta wote uliojengwa nyuma yake kwa ajili ya watu.

Kijana wangu wa kwaya, ulitaka kujua jina baya linatoka wapi, kwa watu ao kwa nyumba. Nimekuwekea udongo, biro, makamio, wamama, munganga na hesabu. Angalia mwenyewe. Kisha uende kwa mzee wa zamani kuliko wote katika kartie yenu, umuulize: nani aliingia wa kwanza katika nyumba hizi, mwaka gani, alichaguliwa namna gani, na duka la kwanza lilikuwa wapi? Andika anavyosema, hata kama ni Kiswahili cha mtaani. Wasomaji wengine nanyi vilevile. Leteni makaratasi yenu kwa wale wanaowauzia gazeti hili, watanifikishia, na yale yanayosomeka tutayatia hapa.